Pikapu Inayosimama kwa Upepo

Kaa kando ya barabara kuu pale Makambako asubuhi ya msimu wa viazi, utaziona pikapu zikitoka Njombe zimechuchumaa. Tairi za nyuma zimezama ndani ya bodi, pua imeinuka, taa za mbele zinamulika matawi ya miti badala ya lami. Hata mtoto wa shule anayesubiri kuvuka anajua kuwa gari lile limezidiwa. Springi zimeshatoa taarifa kabla ya trafiki kunyoosha mkono.

Siku hizi katikati ya hizo hupita moja iliyonyooka. Mzigo ni uleule, pengine mkubwa zaidi, lakini bodi imelala sawasawa, taa zinaangalia barabara, na dereva amekaa kama anayekwenda harusini. Chini yake, kati ya ekseli ya nyuma na chesisi, kuna mifuko miwili ya mpira iliyojazwa upepo. Gari langu lina mifuko hiyo na ninalipenda. Ndiyo sababu nataka wenzangu wanaoifikiria wajue jambo ambalo muuzaji wa vipuri halitaji: upepo unainua gari, lakini hauliongezei uwezo wa kubeba hata kwa kilo moja. Unachoondoa ni ile dalili ya kuchuchumaa. Dalili ikishaondoka, kazi ya kujua uzito inabaki kwa mwenye gari peke yake.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kampuni ya Firestone ya Marekani ilikuwa ikitengeneza springi za upepo tangu miaka ya 1930, na katika miaka ya 1950 mabasi ya masafa marefu ya nchi hiyo yalianza kuzitumia kwa wingi. Mwaka 1949 kampuni ya Air Lift ilianzishwa Lansing, jimbo la Michigan, ikauza mifuko ya upepo ya kuongezea kwenye magari ambayo tayari yana springi za chuma. Abiria wa Mbeya au Mwanza anayelala usingizi safari nzima ndani ya basi jipya anaufaidi uvumbuzi huohuo, maana mabasi mengi ya mikoani sasa yanakalia upepo.

Ila kuna tofauti kubwa kati ya basi lile na pikapu yangu. Basi limeundwa tangu kiwandani likalie upepo. Springi ya chuma haipo kabisa, na kuna vali inayopima kimo cha bodi na kuongeza au kupunguza upepo yenyewe. Kwenye pikapu, zile springi bapa za chuma zinabaki mahali pake. Mfuko huja kuzisaidia tu. Upande wake wa chini hukalia kibati kilichofungwa juu ya springi kwa yubolti, na wa juu hushikwa na kibati kingine kilichobanwa kwenye chesisi. Kila mfuko una mpira wake mwembamba wa kupitisha upepo hadi kwenye vali, mfano wa ile ya tairi, iliyotokeza karibu na namba ya gari. Mwenye fedha zaidi huongeza kompresa ndogo ya umeme na geji mbili ndani ya kebini.

Aina nyingi zinazouzwa huruhusu upepo kuanzia PSI 5 hadi PSI 100. Hiyo namba ya chini ndiyo watu wanayoidharau. Gari likiwa tupu, mtu huona hana haja ya upepo, akautoa wote. Mfuko usio na upepo hujikunja vibaya, ukaminywa kati ya vibati viwili, na baada ya mashimo kadhaa ya barabara ya vumbi mpira huchanika kwenye mkunjo. PSI 5 si za kubeba kitu. Ni za kuufanya mfuko udumishe umbo lake. Mimi huacha zaidi kidogo ya hapo, kwa sababu usiku wa baridi wa Nyanda za Juu upepo ulio ndani husinyaa, na geji iliyosoma vizuri mchana huamka ikiwa imeshuka.

Maisha ya kila siku na gari hili ni maisha ya kujaza na kupunguza. Ukipakia, unajaza, ukishusha mzigo, unapunguza palepale sokoni kabla hujaondoka. Anayesahau kupunguza atakumbushwa na tuta la kwanza: nyuma ya gari itaruka, na abiria wa kiti cha nyuma watagonga paa. Springi ya chuma hubonyea kwa kadiri ya uzito, lakini upepo kadiri unavyominywa ndivyo unavyozidi kukaza. Sifa hiyo ni neema gari likiwa na mzigo, kwa sababu hata shimo kubwa haliifikishi ekseli kwenye chesisi. Gari likiwa tupu na mifuko ikiwa imejaa, ni adhabu ya mgongo. Shokapu nazo zinaumia. Mfuko unaongeza nguvu ya kusukuma juu, na kazi ya kuituliza nguvu hiyo ni ya shokapu zilezile zilizochaguliwa kwa springi za awali. Anayefunga mifuko akaacha shokapu zilizochoka atapata gari linalonesanesa baada ya kila tuta.

Kwa jinsi ya kujaza, njia ninayoiamini haina siri. Kabla ya kupakia, pima kwa futi kamba umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, mbele na nyuma, gari likiwa mahali tambarare. Andika. Ukishapakia, ongeza upepo kidogokidogo ukipima tena, na uishie nyuma inapokuwa chini kidogo ya kimo chake cha gari tupu. Hapo ndipo springi iliposanifiwa kukaa ikiwa na mzigo. Wanaojaza mpaka nyuma ikawa juu kuliko mbele wanaharibu zaidi ya wanavyotengeneza, na nitaeleza kwa nini.

Kuhusu mipira ya upepo, nashauri mtu asikubali fundi aunganishe mifuko miwili kwenye mpira mmoja. Ni rahisi, inahitaji vali moja tu, na gari likisimama huoni tofauti. Nenda nalo mteremko wa Kitonga. Pikapu ikikata kona kuelekea kushoto, mwili wake hulalia kulia. Mfuko wa kulia unaminywa, upepo wake unakimbilia wa kushoto, na wa kushoto unainuka. Mfumo uliopaswa kulituliza gari unalisukuma lizidi kulala. Kwenye mteremko ule wa kona zilizobanana, wenye malori yanayopumua moshi mbele na mengine nyuma, hapo si mahali pa kugundua jambo hilo. Mpira mmoja kila upande, vali mbili, geji mbili.

Uvujaji nao ni sehemu ya maisha haya, na karibu mara zote mfuko wenyewe hauna kosa. Ni viungo. Mpira ukikatwa kwa koleo au kwa kisu butu, ncha yake hubaki ya mshazari na haikai vizuri ndani ya kiungo. Ukikatwa kwa wembe mkali, sawasawa kabisa, unakaa miaka. Maji ya sabuni ndiyo daktari: paka kwenye kila kiungo, tazama povu. Mipira ipitishwe juu ya chesisi, mbali na ekzosi, na ifungwe isicheze, kwa sababu mpira unaosugua chuma siku nzima kwenye barabara ya changarawe utatoboka. Upande wa ekzosi lazima kuwe na bati la kukinga joto kati ya bomba na mfuko. Nimeona magari yaliyofungwa mifuko vizuri sana lakini bati hilo likaachwa ndani ya boksi, fundi akidhani ni urembo.

Kisha kuna suala la jeki. Fundi wa tairi barabarani haoni mifuko. Yeye anatafuta mahali imara kwenye chesisi, anaweka jeki na kuinua. Ekseli inaning'inia, na kama ule mfuko ni wa kufungwa juu na chini, unavutwa kuliko urefu wake. Mwambie aweke jeki chini ya ekseli. Kama lazima gari liinuliwe kwa chesisi, toa upepo kwanza, na uangalie mfuko hauvutwi.

Hayo yote ni ya kawaida, na mtu mwangalifu huyazoea ndani ya muda mfupi. Linaloninyima usingizi ni breki.

Matoleo mengi ya zamani ya Hilux na Land Cruiser, yale ambayo ndiyo yamejaa vijijini kwetu, yana vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mwembamba wa chuma. Kazi yake ni ya busara sana. Gari likiwa tupu, nyuma huwa nyepesi, na breki kali zingeyafunga magurudumu ya nyuma na kulizungusha gari. Kwa hiyo vali huzipunguzia breki za nyuma nguvu. Gari likipakiwa, bodi hushuka, umbali kati ya chesisi na ekseli hupungua, mkono ule hujisogeza, na vali huruhusu breki za nyuma zifanye kazi kwa nguvu zaidi, maana sasa zina uzito wa kuzishikisha barabarani. Vali haijui kilo. Inajua umbali tu.

Sasa funga mifuko, pakia tani moja, kisha jaza upepo mpaka bodi irudi juu. Umbali umekuwa wa gari tupu. Vali inaamini gari ni tupu. Inazinyima breki za nyuma nguvu wakati ule ule zinapohitajika kuliko siku zote, na kazi yote inahamia mbele. Kwenye tambarare za Mbarali dereva anaweza asihisi chochote. Mteremko mrefu ndio utakaomwonyesha: breki za mbele zinachemka, pedali inalainika, na gari linaloonekana limetulia kwa macho ya kila mtu linakataa kusimama. Hii ndiyo sababu nilisema usijaze kupita kimo. Na ni sababu ya kulipeleka gari kwa fundi wa breki, siyo fundi wa springi peke yake, arekebishe mkono wa vali hiyo mara tu mifuko inapofungwa. Magari mapya yenye mfumo wa kielektroniki wa kugawa breki hayana mkono huo, lakini yetu mengi si mapya.

Kuna dhana nyingine inayofanana na hiyo: kwamba nyuma ikiinuka, basi uzito umerudi mbele. Haurudi. Chukua Hilux ya kebini mbili, ambayo umbali kati ya ekseli zake ni kama mita 3.1. Weka kilo 300 kwenye kiungo cha kuvutia trela, mita 1.2 nyuma ya ekseli. Kwa hesabu ya wenzo, ekseli ya nyuma haipokei 300 tu. Inapokea karibu 416, kwa kuwa mzigo ule unazinyanyua karibu kilo 116 kutoka magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya usukani na ya breki kubwa. Ukijaza upepo, nyuma inapanda, gari linanyooka, na zile kilo 116 haziendi popote. Usukani bado ni mwepesi vilevile. Dawa yake ni kupanga mzigo: vizito visogezwe karibu na kebini, mbele ya ekseli.

Watu wa Australia wamelipia somo linalofuata kwa fedha nyingi. Huko pikapu za kebini mbili huvuta nyumba za magurudumu maelfu ya kilomita kwenye barabara za changarawe, bodi ikiwa imejaa matenki ya maji na mafuta, na mifuko ya upepo ni kitu cha kawaida. Kitu kingine kilichokuwa cha kawaida ni chesisi kupinda. Gari lililonyooka asubuhi linarudi kwenye lori la kubebea magari likiwa limevunjika mgongo nyuma ya kebini. Wapo wanaoilaumu mifuko, wapo wanaolaumu uzito. Kwa maoni yangu vyote viwili vinashirikiana. Springi bapa hukabidhi mzigo kwa chesisi katika sehemu mbili zilizo mbalimbali, jicho la mbele na pingili ya nyuma. Mfuko unapofungwa juu ya ekseli unasukuma chesisi juu katika nukta moja, katikati ya sehemu hizo. Ukiwa na upepo wa wastani na mzigo halali, chuma kinavumilia. Ukiwa na PSI 80, mzigo uliotokeza nyuma ya ekseli na barabara yenye mawimbi, chesisi inabinyika juu ya nukta ile kila gurudumu linapogonga, maelfu ya mara kwa siku. Na kwa kuwa bodi haijachuchumaa, hakuna aliyeona sababu ya kupunguza mwendo.

Basi tunarudi kwenye uzito, na hapa ndipo nchi yetu ina ugumu wake. Mizani za barabara kuu kama Vigwaza na Mikese zimewekwa kwa ajili ya magari ya tani 3.5 kwenda juu. Pikapu hupita pembeni. Hakuna atakayeipima mpaka mwenyewe aamue. Na mzigo wetu wenyewe haupimiki kwa macho: gunia la lumbesa limepigwa marufuku, bado linashonwa kofia kila msimu, na mwenye gari anayehesabu magunia kumi kuwa ni kilo 1,000 anajidanganya kwa kiasi ambacho hakijui. Mbao za Mafinga zikiwa mbichi ni nzito kuliko zilizokauka, ingawa urefu na idadi ni ile ile. Kitu pekee kinachosema ukweli bila mizani ni tenki la maji, lita 1,000 kwa kilo 1,000, na hata hapo mtu husahau uzito wa dereva, abiria, bampa ya chuma na keria ya paa, ambavyo vyote vinatoka kwenye fungu lile lile la karibu tani moja ambayo pikapu nyingi za aina hii zimepewa.

Nafuu ni kwamba mizani zipo, ila si za serikali. Maghala ya mazao, viwanda vya mbao na machimbo ya kokoto yana mizani za malori, na ukiomba kwa adabu saa isiyo na foleni watakupima, mara nyingi kwa ada ndogo. Pima gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake. Linganisha na kibao kilichopigwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kisha soma pembeni mwa tairi: namba kama 112 iliyoandikwa baada ya ukubwa wa tairi ina maana tairi hiyo inaruhusiwa kilo 1,120, ikiwa na upepo wake kamili. Tairi, ekseli, beringi na chesisi, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadilika siku mifuko ilipofungwa. Ukishajua namba hizo mara moja kwa mzigo wako wa kawaida, geji ya kebini inaanza kukusaidia kweli, maana utajua kwamba kwa mzigo ule gari hunyooka kwenye PSI fulani. Siku likihitaji nyingi zaidi ili kunyooka, kuna kitu kimezidi, au springi imevunjika jani.

Mafundi wa springi wataniuliza: si bora kuongeza bapa moja la chuma, kama tulivyofanya miaka yote? Kwa mtu anayebeba mzigo mzito kila siku kwenda na kurudi, nakubaliana nao. Bapa halivuji, halihitaji geji, na fundi wake yupo kila mji. Linagawa mzigo kwenye sehemu zilezile mbili za chesisi. Tatizo lake ni kwamba halipungui: gari likirudi tupu, au likipeleka mgonjwa hospitali usiku, au likibeba familia kwenda kanisani, ni gumu kama mkokoteni. Upepo unamfaa mwenye gari la kazi na nyumba kwa pamoja, anayejaza Jumamosi na kuendesha tupu siku zilizobaki. Na yule ambaye kila wiki anahitaji PSI 80 ili gari linyooke, anahitaji lori la Canter. Hilo nasema nikijua bei ya Canter.

Kwa anayenunua pikapu iliyotumika, mifuko ya upepo iwe sababu ya kutazama kwa makini zaidi. Ikague kwanza ikiwa na upepo wa chini, siyo ule aliojaza muuzaji asubuhi hiyo. Lala chini na tochi, fuata chesisi pande zote mbili pale kibati cha juu kilipofungwa, utafute ufa, rangi mpya isiyolingana na nyingine, au mshono wa kuchomelea. Kisha simama pembeni na utazame uwazi kati ya kebini na bodi ya nyuma. Unapaswa kuwa na upana uleule kuanzia juu hadi chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chesisi imeshapinda, na hakuna upepo utakaoinyoosha.